Dashibodi ya Jaguar Mark 2: kilichokufa ni vanishi, mbao bado nzima

Swali: Msomaji wa Mombasa amerithi kutoka kwa babu yake Jaguar Mark 2 ya mwaka 1962, ambayo imekaa miaka mingi chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Anaeleza kwamba uso wa dashibodi umepasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na karibu na kioo cha mbele mbao zimepauka kabisa. Mlango wa kisanduku kilicho mbele ya abiria umeanza kubanduka pembeni, na upande wa dereva kuna kipande kilichotoka chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Seremala amempa njia mbili: kupiga msasa wa mashine dashibodi nzima na kuipaka vanishi ya milango, au kuzitupa mbao za zamani na kuchonga mpya za mninga. Anauliza achague ipi.

Jibu: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako na kuzitazama picha ulizoambatanisha, na ushauri wangu ni kwamba usichague hata moja kati ya njia hizo mbili. Seremala wako huenda ni fundi hodari wa vitanda na makabati, lakini anaitazama dashibodi hii kana kwamba ni ubao mmoja mzito, na sivyo ilivyo. Unachokiona ukikaa kwenye usukani ni vinia, yaani karatasi ya mbao ya mjozi (walnut) iliyobandikwa kwa gundi juu ya ubao wa chini usio na thamani ya kutazamwa. Unene wa vinia hiyo haufiki milimita moja. Mipasuko unayoilalamikia haiko kwenye mbao hata kidogo. Iko kwenye vanishi iliyo juu yake, ambayo jua la miaka sitini limeikausha mpaka ikashindwa kunyumbuka pamoja na mbao. Kilichokufa ni vanishi. Mbao yenyewe, kwa ninavyoiona kwenye picha zako, ni nzima kwa sehemu kubwa sana, na kazi yako yote ni kuondoa kilichokufa bila kugusa kilicho hai.

Ndiyo maana msasa wa mashine ni hatari. Mwaka wa pili tangu nianze kazi hii niliwahi kupitisha mashine kwenye mlango wa kisanduku cha gari kama lako, kwa sekunde chache tu, nikidhani bado niko kwenye vanishi. Vumbi lililokuwa la rangi ya asali likageuka kahawia, kisha kwa ghafla likawa jeupe, na nilipoinua mkono nikakuta doa la ubao wa chini lenye upana wa kidole gumba, katikati kabisa ya ua la mbao. Doa kama hilo halirudishwi kwa rangi wala kwa vanishi. Ilinibidi niubadilishe uso mzima wa ule mlango, na kwa kuwa vinia ya upande wa pili wa gari ilikatwa kutoka kwenye gogo lile lile, hakuna kipande kipya kilichowahi kufanana nayo sawasawa. Tangu siku hiyo mashine ya msasa haiingii kwenye chumba changu cha dashibodi.

Kuhusu mninga, sina neno baya la kuusema. Ni mbao njema, na ikishakauka vizuri haichezi sana kama mbao nyingine nyingi. Lakini dashibodi ya Mark 2 haiishi peke yake. Ina ndugu zake: vipande vya mbao vya juu ya milango minne, fremu za madirisha, na kwa gari la mwaka wako, vimeza viwili vya kukunja vilivyo nyuma ya viti vya mbele. Zote zilivikwa mjozi kiwandani Coventry, ambako gari hili lilitengenezwa kuanzia 1959 hadi 1967. Ukiweka mninga mbele, utalazimika kuweka mninga kila mahali, na mwisho wake utakuwa na gari lililopoteza sura yake na sehemu kubwa ya thamani yake. Kama una nia ya kulipeleka siku moja kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Nairobi, hoja hii inakuwa nzito zaidi.

Anza kwa kuitoa dashibodi nje ya gari, kwa sababu hakuna kazi ya maana inayofanyika ikiwa bado imefungwa. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, fungua waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu mafundi wengi wa umeme wa siku hizi hukosea: kwenye Mark 2 ya zama hizo waya unaokwenda kwenye bodi ni wa chanya, si wa hasi kama ilivyo kwenye magari ya leo. Fundi anayefungua kwa mazoea, halafu akarudisha betri kinyume, anaweza kuunguza vitu ambavyo havipatikani tena kwa urahisi. Fuata waya kwa macho mpaka uone umefungwa kwenye chuma cha bodi, na huo ndio uufungue kwanza na uurudishe mwisho.

Paneli ya katikati, yenye safu ya swichi na geji ndogo, hushuka chini kwa bawaba ukishafungua skrubu zake mbili za juu, na nyuma yake utakuta fyuzi na msitu wa waya. Paneli hii haina mbao usoni; imevikwa ngozi bandia nyeusi, na hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani. Nimeona magari kadhaa ambayo seremala, kwa nia njema kabisa, aliibandika vinia ili ifanane na pande zake. Usikubali. Piga picha kila hatua, funga kipande cha utepe wa karatasi kwenye kila waya na uandike unakokwenda, na weka skrubu za kila kipande kwenye bahasha yake. Saa ya spidi ina kebo yake nyuma, inayofunguliwa kwa mkono; usiivute kabla ya kuifungua. Vipande vya mbao vikishatoka, vigeuze na uangalie migongo yake. Ukikuta namba iliyoandikwa kwa penseli au kugongwa kwa muhuri, ipige picha na uiache ilivyo, kwa sababu ni ushahidi kwamba vipande hivyo vilikuwa pamoja tangu mwanzo.

Sasa tafuta kujua unashughulika na vanishi gani. Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo unaofichwa na pete ya geji, na ugusishe pamba yenye spiriti. Vanishi ikilainika na kunata, ni ya shelaki, na kuna mtu aliyeipaka baada ya kiwanda. Isipolainika, jaribu thina ya selulosi. Ikiyeyuka kwa thina, una laka ya selulosi na kazi yako itakuwa nyepesi. Ikikataa zote mbili, kuna mtu aliyewahi kupaka poliurithani, yaani vanishi ngumu ya plastiki, nawe utahitaji rimuva ya jeli, dawa ya kubandua vanishi, pamoja na subira.

Rimuva ni kitu cha kuheshimu. Fanyia kazi nje, kivulini, upepo ukiwa mgongoni kwako, ukiwa umevaa glavu za mpira mzito na miwani ya kinga. Paka kwa unene, funika kwa karatasi ya nailoni ili isikauke, na uache dakika kumi au kumi na tano mpaka vanishi ivimbe na kujikunja. Kisha isukume polepole kwa kadi ya plastiki iliyoviringwa pembe zake, ukifuata mwelekeo wa mbao. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa sana. Patasi na kisu visikaribie hapo. Safisha mabaki kwa thina na wala si kwa maji, kwa kuwa maji yataingia chini ya vinia na kuilegeza gundi ambayo huenda bado imeshika vizuri. Rudia mara mbili au tatu. Mwishoni, mbao ikiwa tupu, piga msasa kwa mkono, namba 320, ukiwa umeuzungushia kwenye kipande cha koki (gome laini la vizibo vya chupa), mara chache tu, na ukitazama rangi ya vumbi wakati wote.

Katika hatua hii utaona madoa meusi kuzunguka matundu ya skrubu. Mbao ya mjozi ina tanini, na tanini ikikutana na kutu hugeuka nyeusi kama wino. Msasa hauwezi kulitoa doa hilo kwa sababu limezama ndani. Linatoka kwa asidi ya oksaliki, iliyoyeyushwa katika maji ya vuguvugu na kupakwa kwa brashi ndogo, kisha kufutwa kwa kitambaa kibichi mara kadhaa na kuachwa ikauke siku nzima. Ni sumu, kwa hiyo iwekwe mbali na watoto, na mbao iliyotibiwa nayo isipigwe msasa bila barakoa. Paka kidogo tu, palepale penye doa, maana asidi hii hupausha kidogo na mbao iliyo jirani.

Mlango wa kisanduku uliobanduka pembeni ni tatizo la gundi, na hapa hali ya hewa ya kwenu inatoa masharti yake. Gari lililofungwa vioo juani hupata joto kali, na uso wa dashibodi unaweza kupita nyuzi 70. Gundi nyeupe ya maseremala hulainika katika joto la namna hiyo, na kipande ulichokibandika Januari utakikuta kimeteleza au kimeinuka kabla ya masika. Tumia gundi ya unga ya yurea inayochanganywa na maji, au epoksi inayokauka polepole, ile wanayotumia mafundi wa boti. Inua ukingo wa vinia kwa ncha ya kisu chembamba, kadiri inavyokubali yenyewe bila kulazimishwa, na utoe vumbi na gundi kuukuu kwa msasa uliokunjwa. Ingiza gundi kwa sindano ya hospitali, uikande kwa kidole mpaka ichungulie ukingoni, funika kwa karatasi ya nailoni, weka ubao mnyoofu juu yake na ubane kwa klampu hadi kesho yake. Palipovimba katikati bila kupasuka, chana kwa wembe kufuata mstari wa mbao, ingiza gundi, na ubane vivyo hivyo. Mchano huo hautaonekana kama umefuata mstari.

Tufike kwenye kile kipande cha upande wa dereva kilichotoka, ambacho ndicho kitakachoonyesha kama kazi imefanywa kwa upendo. Vinia ya gari lako inatokana na sehemu ya mti wa mjozi iliyoota vinundu, ndiyo maana haina mistari iliyonyooka bali ina vijicho na mawimbi yanayozungukana. Hilo linakusaidia. Kwenye mbao ya mistari iliyonyooka kiraka huonekana daima, lakini kwenye vinundu kiraka kinaweza kupotea kabisa, mradi tu ukingo wake haukunyooka. Fundi asiyejua hukata mraba nadhifu, na jicho huuona mraba huo kutoka mlangoni. Wewe fuata maumbile: ukingo wa kiraka upite pale ambapo mbao yenyewe hubadilika rangi, uzunguke kijicho badala ya kukikata katikati, uingie na kutoka kama mwambao wa kisiwa.

Weka karatasi nyembamba juu ya pengo na uisugue kwa ubavu wa penseli mpaka umbo lijitokeze. Ukiwa na umbo hilo, litembeze juu ya vinia mpya, ambayo huna budi kuiagiza kutoka Ulaya kwa kuwa mjozi hauuzwi kwa maseremala wetu. Agiza karatasi kubwa kuliko unavyohitaji, ili uwe na mahali pa kuchagua. Ukipata mahali panapofanana, usikate bado. Peleka karatasi na dashibodi karibu na dirisha, uweke kimoja juu ya kingine, na uvizungushe pamoja taratibu. Mbao hurudisha nuru tofauti kutegemea inakotazama: kiraka kinachofanana kabisa ukikitazama kutoka kushoto kinaweza kuonekana cheusi ukikitazama kutoka kulia. Kigeuze nyuzi kumi, kigeuze tena, mpaka kiwe cheusi na cheupe kwa wakati mmoja na mbao inayokizunguka. Mimi hutumia asubuhi nzima kwa kiraka kimoja, na sioni kwamba ni muda mwingi. Baada ya hapo kata kiraka kwanza, kiweke juu ya pengo, kizungushie ncha ya kisu kikali, na utoe vinia ya zamani kwa kufuata alama hiyo. Kwa njia hii tundu linafuata kiraka, na haviachani hata kwa upana wa unywele. Vinia za leo ni nyembamba kuliko za zamani, kwa hiyo huenda ukahitaji kuinua kiraka kwa tabaka la vinia ya kawaida chini yake, ili juu pawe sawa.

Sehemu iliyopauka karibu na kioo isikutie hofu. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti: rangi utakayoiona kwa sekunde chache, kabla haijakauka, ndiyo takribani itakayotokea chini ya vanishi mpya. Mara nyingi tofauti itakuwa ndogo kuliko ulivyodhani. Ikibaki kubwa, tumia rangi ya mbao ya kimiminika inayopenya na kuacha mistari ionekane, na uchague inayostahimili jua. Jaribu kwanza kwenye mabaki ya vinia, siyo kwenye dashibodi, na upake nyepesi mara tatu kuliko nzito mara moja. Epuka rangi zenye chembe zinazofunika, maana hizo hugeuza mjozi kuwa picha ya mjozi.

Umeniuliza pia kama vanishi ya milango inatosha. Haitoshi. Ninayoipendelea kwa gari la Pwani ni laka ya poliurithani ya mikebe miwili yenye kinga ya mionzi ya urujuanimno, inayopulizwa na mpaka rangi wa magari. Ni ngumu, ni angavu, na inavumilia joto. Lakini kigumishi chake kina isosayaneti, ambayo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Aipulize mtu mwenye chumba cha rangi na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna mtu wa namna hiyo, basi paka mwenyewe kwa brashi vanishi halisi ya boti ya mafuta, yenye kinga ya jua, matabaka manane au zaidi, kila moja likikauka usiku mzima na kupigwa msasa mwepesi namba 400 kabla ya linalofuata. Itakuwa na wekundu kidogo na itachukua majuma, lakini ni kazi ya heshima na inaweza kurekebishwa baadaye.

Kabla ya tabaka la kwanza kuna adui mmoja asiyeonekana. Zile dawa za kung'arisha dashibodi zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta na kwenye taa za barabarani mara nyingi huwa na silikoni, na kama gari hili liliwahi kupakwa mara moja tu, vanishi mpya itakimbia na kuacha vijishimo kama macho ya samaki. Futa uso wote kwa thina na kitambaa safi, ugeuze kitambaa kila mkupuo, na urudie mara tatu. Uso ukishakuwa safi, usipake mbele peke yake. Migongo, kingo, na duara la kila tundu la geji vipate angalau matabaka mawili, kwa sababu unyevu wa bahari utaingia pale palipo wazi, na ubao unaovuta maji upande mmoja hujipinda. Naamini hilo ndilo lililoubandua mlango wa kisanduku chako.

Mtu akikushauri kurudia laka ya selulosi kama ya zamani, simpingi, lakini ajue kwamba laka hiyo hufanya ukungu mweupe hewa ikiwa na unyevu. Thina inapopaa hupoza uso wa mbao, na maji ya hewani hutua juu yake na kunaswa ndani. Mombasa, kazi hiyo ifanywe Januari au Februari, wakati wa kaskazi, mchana unyevu unapopungua, kwa thina ya kukauka polepole. Alfajiri na wakati wa mvua asiifungue hata chupa.

Baada ya tabaka la mwisho, acha vipande vipumzike majuma manne hadi sita, vikiwa vimelazwa kwenye chumba kisicho na vumbi. Hapa ndipo wengi huharibu. Uso unakuwa mkavu kwa kidole lakini chini bado laini, na ukirudisha geji mapema, pete zake zitazama na kuacha alama za duara ambazo hazitoki. Muda ukishatimia, sugua kwa msasa wa maji namba 1200, kisha 2000, na umalizie kwa dawa ya kusugulia rangi ya gari kwa kitambaa laini, kwa mkono. Rudisha geji kwa kukaza nati za nyuma kwa vidole tu na robo ya mzunguko wa spana. Kagua kila tundu la skrubu uone kama mbao yake bado ni imara. Lililopanuka lijaze kijiti kilichotiwa gundi, na usiweke skrubu nene zaidi, maana hiyo hupasua ubao kwa ndani.

Mabaki ya vinia uliyoagiza yafunge kwenye karatasi ya kaki, yaweke bapa kati ya vipande viwili vya plaiwudi, na uyahifadhi mahali pakavu pamoja na hati za gari.